Kidole cha Chiriku

Kila siku akirudi kutoka shuleni, kabla hata ya kuvua sare, Chiriku alimpima bibi yake. Hospitali ilikuwa imehamia chumbani: mashine ya oksijeni ikinguruma kando ya kitanda, na kibanio cha kidoleni kikipima oksijeni ya damu na kupeleka namba moja kwa moja kwa nesi aliyekaa hospitalini. Jina la Chiriku alipewa na bibi huyo huyo, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Kazi ilikuwa na kero moja. Vidole vya bibi vilikuwa baridi, na kibanio hakisomi kidole baridi. Ilibidi kumsugua mkono robo saa nzima, na huko uani wenzake wameshaanza kuruka kamba. Jumatatu, bibi akiwa amesinzia, Chiriku alikitia kibanio kwenye kidole chake mwenyewe. Namba ikatokea mara moja: tisini na nane. Akakimbilia uani. Jumanne akarudia. Jumatano hakuona hata haya.

Alhamisi bibi alisema kifua kinambana. Mama yake Chiriku akampigia nesi.

"Namba zake ni nzuri sana," nesi alijibu. "Tena daktari ameamua mashine ichukuliwe kesho. Kuna mgonjwa mwingine anaisubiri."

Mama akaweka simu chini, akamgeukia mkwewe. "Mama, unatusumbua bure. Vipimo vinasema u mzima. Au unataka tukubembeleze kama mtoto mchanga?"

"Labda ni uzee tu," bibi akasema, akageukia ukutani.

Chiriku alisikia yote akiwa mlangoni. Siku hiyo mdomo wake ulipata likizo. Aliogopa kuchapwa.

Ijumaa asubuhi mashine ikachukuliwa, kikabaki kibanio tu. Mchana aliporudi, alikuta midomo ya bibi imekuwa ya kijivu, naye anahema bila kuweza kuita mtu. Chiriku akausugua ule mkono huku akilia, mpaka kibanio kikasoma: sabini na tisa. Papo hapo simu ikaita.

"Mbona imeshuka ghafla?" nesi aliuliza.

"Haikushuka ghafla. Zile nyingine zilikuwa za kidole changu."

Gari la wagonjwa lilifika kwa wakati, kwa bahati tu. Baada ya wiki tatu bibi alirudi nyumbani na mashine yake, na nesi akaja mwenyewe kuifunga.

"Kibanio hakisemi uongo," alimwambia Chiriku. "Kinasema ukweli wa kidole kilichomo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ulificha ya mwenzako, na adhabu karibu aibebe yeye. Nasi wakubwa tukaiamini namba kuliko mtu aliyekuwa akituambia kwa kinywa chake."

Tangu hapo Chiriku huusugua mkono ule hata nusu saa, na haendi uani mpaka amalize. Bibi humwachia mkono ausugue. Mama naye huja kila jioni, akapiga magoti kando ya kitanda, akauliza kwa upole, "Mama, kifua kinakubana?"

"Mimi nitajuaje?" bibi hujibu, uso ukutani. "Kiulizeni kibanio."