Dakika Kumi za Rabab

Ndugu zangu, nyumba ya Muthanna mtaani Adhamiya, Baghdad, ilikuwa na amani. Yeye ni Suni, mkewe Rabab ni Shia. Kila Ramadhani, msikiti wa jirani ulipoadhini magharibi, Rabab alingoja dakika kumi zaidi mpaka wekundu wa anga uishe upande wa mashariki, kama alivyolelewa. Muthanna naye alishika tende yake akamngoja. Miaka tisa walifuturu hivyo, pamoja.

Kisha mama yake Muthanna akahamia kwao. Jioni ya kwanza tu akaguna.

"Mwanangu, siku hizi mkeo ndiye anayekuadhinia?"

"Ni dakika kumi tu, mama."

"Leo dakika. Kesho utasujudia kidongo chake."

Maneno hayo yalimchoma Muthanna, akawa hatulii kazini wala nyumbani. Akaanza kufuturu peke yake. Halafu akakificha kile kidongo cha Karbala ambacho Rabab huwekea paji lake anaposujudu. Mnamwona? Mtu anabomoa nyumba yake kwa kuogopa kuchekwa.

Siku ya ishirini, adhana ilipolia, alimsukumia mkewe bakuli la supu ya dengu.

"Kunywa sasa hivi. Kwangu kuna adhana moja."

"Baba Sidra, ulinioa ukijua ninavyosali."

"Basi nilikuwa mjinga."

Binti yao Sidra, ndiyo kwanza anajifunza kufunga, alimtazama baba, akamtazama mama. Akairudisha tende sahanini, akalia.

Asubuhi Rabab alimchukua mtoto wakavuka daraja kwenda kwa wazazi wake, mtaani Kadhimiya, ng'ambo tu ya mto.

Magharibi hiyo adhana ililia, mama yake Muthanna akala. Muthanna alishika tende, mkono ukagoma kwenda kinywani. Aliona aibu, na hofu ikamshika. Akakitoa kidongo kabatini.

"Unakwenda wapi na chakula mezani?"

"Kufuturu, mama."

Barabara zilikuwa tupu, watu wote wako majumbani. Aliendesha gari kwa kasi. Sidra ndiye aliyemfungulia mlango, na sauti ya Rabab ikatoka ndani.

"Muulize baba yako kama ameshafuturu."

"Bado," alijibu Muthanna, akafungua kiganja: tende na kidongo.

Rabab alikuja, akakichukua kidongo kwanza.

"Ingia. Zimebaki dakika mbili."

Funzo

Enyi wanandoa, mliyokubaliana siku ya kuoana msiyaache yavurugwe na mtu wa tatu. Mzazi mheshimu, lakini usimpe ndoa yako aiendeshe. Nyote wawili mlifunga kwa ajili ya Mungu mmoja. Msimfanye mtoto achague kati yenu akiwa na njaa.