Cheni Nyepesi ya Lusia

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kengele ya mwisho ilipolia, Lusia alivua sare za shule, akavaa kaptura na kofia ngumu, kisha akaitoa baiskeli yake ya mbio stoo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Miguu yake ilizoea pedeli tangu alipokuwa akibeba madumu ya maji kwa baiskeli kubwa ya baba yake, na hapakuwa na msichana darasani aliyeweza kumwacha nyuma isipokuwa Dorah, rafiki yake.

Wawili hao walikuwa katika klabu ya baiskeli ya Mwalimu Donatus. Walitoka mjini Shinyanga, wakapita Ibadakuli, wakashika barabara ya Maganzo hadi mwalimu alipopuliza filimbi ya kurudi. Wiki moja, mashindano ya vijana yalipangwa kufanyika Jumamosi, na wote wawili walikuwa wameandikishwa.

"Nitakuwa wa kwanza," Lusia alisema Jumatatu ya wiki hiyo, wakiwa wanapumzika kando ya barabara.

"Utakuwa wa pili," Dorah akajibu akicheka. "Mgongo wangu utauona mpaka mwisho."

Tatizo la Lusia lilikuwa cheni. Ilikuwa imechakaa, na kila alipokanyaga kwa nguvu kwenye mwinuko iliruka meno. Mwalimu Donatus aliinama, akaivuta kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Hii imekwisha," alisema. "Kanunue nyingine kwa Mama Mohsin. Mwambie baiskeli yako ina gia nane nyuma, naye atakupa inayofaa."

Siku ya pili Lusia alikwenda dukani kwa miguu, akiwa na pesa alizopewa na mama yake. Mama Mohsin, ambaye jina lake hasa lilikuwa Nurjahan, aliuza vipuri vya baiskeli karibu na soko. Duka hilo lilianzishwa na baba mkwe wake. Yeye mwenyewe aliweza kuitambua spoki kwa kuigusa tu.

"Shikamoo, Mama Mohsin."

"Marahaba, binti yangu. Karibu."

Kabla Lusia hajasema neno, macho yake yaliganda ukutani. Palining'inia cheni moja ya rangi ya dhahabu. Vipande vyake vilikuwa na matundu madogo ili kupunguza uzito. Lusia aliwahi kuiona cheni ya namna hiyo kwenye baiskeli ya bingwa mmoja kutoka Mwanza.

"Naitaka ile," alisema.

Mama Mohsin aliiteremsha. Kisha akachukua cheni nyingine, ya kijivu, isiyo na urembo wowote, akazipima zote mbili kwenye mizani ndogo ya mezani. "Ona. Hii ya dhahabu ni nyepesi kweli, lakini tofauti yake na hii haizidi uzito wa yai moja la kuku. Na ni nyembamba, imetengenezwa kwa baiskeli za gia kumi na moja. Ya kijivu ni ya gia nane. Yako ina ngapi?"

Lusia alijua jibu. Alitazama ile dhahabu ikimeremeta, akameza mate.

"Kumi na moja."

"Una hakika? Ungeniletea baiskeli nihesabu mwenyewe."

"Nina hakika, Mama. Nimezihesabu jana."

Mama Mohsin alimtazama kidogo, kisha akamfungia cheni kwenye karatasi.

Jioni ile Lusia hakumngoja mwalimu. Klabuni walikuwa wamefundishwa kubadili cheni, kwa hiyo aliazima kifaa cha kukatia cheni, akaikata kulingana na urefu wa ile ya zamani, akaifunga mwenyewe. Ilipozunguka ilitoa mlio wa kukwaruza. Akajiambia kwamba kitu kipya hakikosi mlio, kikizoea kitatulia.

Jumatano walikuwa wasichana sita barabarani. Lusia aliongoza. Walipomaliza mwinuko, alibadili gia ya mbele ili aongeze kasi. Ile cheni nyembamba haikupanda kwenye meno. Ilidumbukia katikati ya sahani mbili za meno zilizo mbele, penye pedeli, ikakwama. Pedeli ziligoma ghafla, baiskeli ikayumba, na Dorah aliyekuwa karibu kabisa nyuma yake hakupata nafasi ya kukwepa. Alimgonga, akaruka juu ya usukani, akaangukia mkono.

Lusia alichubuka magoti tu. Dorah alikaa kwenye vumbi akiwa amekishika kifundo cha mkono, midomo ikimtetemeka. Katika kituo cha afya waliambiwa kwamba mfupa haukuvunjika, lakini mkono umeteguka, na asiguse baiskeli kwa wiki tatu.

"Na mashindano?" Dorah aliuliza.

Mganga alitikisa kichwa.

Baada ya kumfikisha Dorah kwao, Mwalimu Donatus aliikagua baiskeli ya Lusia. Uso wake ukabadilika. "Cheni hii si ya baiskeli hii. Ni Mama Mohsin aliyekupa?"

"Ndiyo, mwalimu," Lusia alijibu kwa sauti ndogo. Jibu lilikuwa la kweli, lakini alijua kwamba halikuwa ukweli wote.

"Twende."

Duka lilikuwa halijafungwa. Mwalimu aliweka ile cheni mezani. "Mama Mohsin, klabu yetu imekuamini miaka yote. Leo mtoto ameumia kwa sababu ya cheni ya gia kumi na moja iliyofungwa kwenye baiskeli ya gia nane. Makocha wenzangu nitawaambia nini?"

Mama Mohsin aliishika cheni, akaigeuza polepole. "Aliniambia kumi na moja," alisema. Alimtazama Lusia, na Lusia akainamisha macho. Kisha yule mama akashusha pumzi. "Au labda nilisikia vibaya. Wateja walikuwa wengi jana. Kama nimekosea, mwalimu, nielekeze nyumbani kwa huyo mtoto nikamwone."

Lusia alikumbuka kwamba dukani jana hapakuwa na mteja mwingine hata mmoja. Mama huyu alikuwa anaanza kuyatilia shaka masikio yake mwenyewe kwa sababu yake.

"Hukusikia vibaya, Mama," alisema. "Nilikudanganya. Nilijua ni nane. Nilihofu kwamba ukijua hutanipa ile ya dhahabu. Mwalimu, kosa ni langu."

Mwalimu Donatus alimgeukia mwenye duka. "Mama Mohsin, niwie radhi," alisema. "Nilikuhukumu kabla ya kuuliza."

"Yameisha," Mama Mohsin akajibu. "Lakini Lusia, aliyeumia si mimi."

Lusia alielewa. Alikwenda kwa kina Dorah peke yake, akamweleza yote mbele ya wazazi wake. Dorah alisikiliza, mkono ukiwa umefungwa bendeji.

"Nimefanya mazoezi miezi minne," alisema.

"Najua. Jumamosi sitashindana. Si haki."

Dorah alifikiri. "Bado nimekukasirikia, na nitakukasirikia mpaka nitakapochoka. Lakini usipokwenda, tutakuwa tumekosa wawili. Nenda."

Cheni ya dhahabu ilipewa Chacha, mvulana wa klabu ambaye baiskeli yake ina gia kumi na moja kweli. Klabu nayo ikamnunulia Lusia ile ya kijivu. Safari hii aliipeleka baiskeli dukani. Mama Mohsin alihesabu gia, akakagua meno yote, akaifunga. Ilizunguka bila mlio.

Jumamosi wasichana ishirini na watatu walianza pamoja. Upepo wa Maganzo uliwapiga usoni, lakini kila Lusia alipobadili gia, cheni ilipanda ilipotakiwa. Aliwapita wengi mwinukoni, akamaliza wa tatu, jasho likimtiririka. Dorah alikuwa kwenye mstari wa mwisho na chupa ya maji katika mkono wake mzima.

"Wa tatu," Dorah alisema. "Mimi ningekuwa wa pili."

"Ungekuwa wa kwanza," Lusia akamjibu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano Dorah akatabasamu.

Mwalimu Donatus aliwakusanya wanafunzi wake kivulini, kando ya gari la klabu.

"Leo Lusia amepata medali, nami nampongeza," alisema. "Lakini kazi ngumu kuliko zote aliifanya Jumatano dukani, na kule hakukuwa na mtu wa kumpigia makofi. Mtu akidanganya, mara nyingi anayeumia ni mwingine, tena asiye na kosa. Fundi, daktari au mwalimu hawezi kukusaidia kama umemficha ukweli. Mkiulizwa, semeni lililopo, hata kama litawanyima mnachokitamani. Na mkishakosea, msingoje mwingine aubebe mzigo wenu."