Mwangwi wa Chumba cha Keshm

Mwangwi ulitangulia sauti. Kidole cha Nariman kilikuwa bado hakijaugusa uzi wa gitaa, akaisikia kwenye hedifoni noti ileile aliyokusudia kuipiga, ikitoka mbali, kama inapigwa na mtu aliyesimama mwisho wa ukumbi. Ndipo akaipiga. Kisha akacheka peke yake, cheko fupi la mtu anayejituliza.

"Ni kompyuta hii," akajisemea. "Imezidiwa."

Lakini kila anayerekodi nyumbani anajua kuwa kompyuta ikizidiwa, sauti huchelewa. Kuchelewa ni jambo moja na kuwahi ni jambo jingine. Nariman alilijua hilo vizuri kabisa, ila siku ile alijifanya halijui.

Yeye na mkewe Golnar walikaa ghorofa ya nne, mjini Bandar Abbas, kwenye jengo ambalo jirani akipiga chafya wewe ndiye unayemwombea rehema. Golnar alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kabla yake hazikuvuka mwezi wa tano, kwa hiyo hii ya tatu ililelewa kama yai. Nariman aliuza amplifaya yake kubwa iliyokuwa ikitikisa vioo, akanunua kisanduku cha kuiga sauti za amplifaya. Kilikuwa na ukubwa wa tofali, lakini ndani yake mlikuwa na sauti za amplifaya hamsini, na zote zilisikika kwenye hedifoni tu.

Aliyemchagulia ni rafiki yake Farshid, muuza vyombo vya muziki. "Usihesabu vitufe, kaka," Farshid alimwambia. "Nunua kile kinachokubali kupakiwa mwangwi wa chumba ukipendacho. Gitaa bila chumba ni maiti."

Jambo lenyewe ni rahisi. Unaingia kwenye chumba kitupu, unapasua puto, unarekodi ule mlio na jinsi kuta zinavyoujibu. Kisanduku kinajifunza chumba. Tangu hapo kila unachopiga kinasikika kama unapigia mle. Wengine huenda msikitini, wengine kwenye birika la maji la zamani. Nariman, kwa ujuaji wake, alivuka hadi kisiwani Keshm, kwenye nyumba ambamo zamani Mama Zeituni alikuwa akiwatuliza watu waliopagawa. Ilikuwa imefungwa miaka ishirini, tangu mama huyo alipozeeka na kuhamia mjini kwa bintiye. Kuta zake ni nene, na pepo waliotulizwa mle walifika pwani ile pamoja na watu waliovushwa kwa nguvu kutoka pwani yetu sisi. Watu husema pepo hao hawakuwahi kujifunza lugha ya ugenini.

Kule hakuna anayeingia hata kwenye chumba kitupu bila salamu. Nariman hakupiga hodi, hakutaja jina la Mungu. Alikuwa na haraka ya kuwahi boti ya kurudi. Alipasua puto, akaondoka.

Sasa alimpigia Farshid simu.

"Badilisha waya."

"Nimebadilisha."

"Adapta?"

"Natumia betri."

"Kiyoyozi hakiko soketi moja na kompyuta?"

"Nimekizima, bwana we! Naogelea jasho hapa."

"Basi ondoa ile kinga ya kelele. Usikie uchafu ulivyo, tujue unatoka wapi."

Ile kinga ndiyo inayofunga mvumo wa waya pale usipopiga kitu. Nariman aliiondoa. Mvumo ukaja, na chini ya mvumo kulikuwa na mtu anapumua. Chumba kikanuka karafuu na nguo mbichi.

"Farshid," akasema kwa sauti ya chini, "kuna mtu humu."

"Chumba ulikirekodi wapi?"

"Keshm. Kwa Mama Zeituni."

"Una kichaa wewe? Kifute! Kifute sasa hivi, na usinipigie mpaka umekifuta!"

Hakukifuta. Tuseme ukweli, tamaa ilimshika. Katika maisha yake yote hakuwahi kupata sauti tamu namna ile, na ulikuwa umebaki wimbo mmoja tu amalize. Alikiacha siku moja, akakiacha ya pili.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, alitoka jikoni na bilauri mbili za chai, akamkuta Golnar ameketi mbele ya kisanduku. Hedifoni hazikuwa kichwani. Alikuwa amezikandamiza tumboni, moja huku na moja huku.

"Namsikilizisha muziki wa baba yake," Golnar akasema, akitabasamu. "Anapenda, Nariman jan, mpenzi. Tangu asubuhi anacheza."

"Tangu asubuhi?"

Kabla hajajibiwa umeme ulikatika, kama unavyokatika kila siku ya joto mji ule, kiyoyozi kikakoroma na kunyamaza, taa za kompyuta zikazimika, na Nariman akakumbuka kuwa betri ya kisanduku aliitoa mwenyewe jana usiku akaitia kwenye droo, lakini hedifoni ziliendelea kupiga, ziliendelea kupiga gitaa lake mwenyewe ndani ya chumba kile cha mbali, na nyuma ya gitaa zikaja ngoma ambazo hakuzirekodi, na nyuma ya ngoma makofi, na harufu ya karafuu ikapanda, na Golnar akaanza kuyumba kiunoni, kulia na kushoto, macho yake meupe matupu, bilauri zikimtoka Nariman mikononi bila yeye kusikia zikivunjika.

"Nani kanileta huku?" Golnar akauliza kwa sauti nzito. "Nilikuwa nimelala. Nani kaniamsha?"

Haikuwa Kifarsi. Haikuwa lahaja ya Keshm wala Kiarabu cha ng'ambo. Wewe ungeyaelewa maneno yale kama unavyoelewa haya unayosoma. Nariman hakuelewa hata moja.

Asubuhi yake wakamleta Mama Zeituni, bibi mweusi mkavu aliyeshikiliwa mikono na bintiye. Aliingia kwa salamu, akanusa mara moja, akamgeukia Nariman.

"Kumbe ni wewe. Ukaenda kuwaibia waliolala."

"Bibi, nilidhani ni mwangwi tu."

"Mwangwi wa nini, mwanangu? Mwangwi una mwenyewe."

"Mtoto atapona? Niambie hilo tu."

"Vua viatu, ukae kimya."

Wakamfunika Golnar shuka jeupe, wakafukiza ubani, binti akapiga ngoma. Jirani wa chini, yule aliyelalamikia gitaa mwaka mzima, alikuja mlangoni na sahani ya tende, akaiacha, akashuka. Mama Zeituni akaanza kuuliza kwa lugha ya pepo. Aliirithi kwa bibi yake kama watu wanavyorithi sufuria. Maswali aliyajua kwa moyo, majibu aliyajua maneno kama thelathini, na mengine yalishazikwa na wazee.

"Wataka nini?" akauliza.

"Nguo," ikajibu sauti chini ya shuka.

Wakampa nguo.

"Wataka nini tena?"

"Pete."

Bibi akafasiri, na Nariman akaivua yake ya ndoa kwa haraka mpaka kidole kikatoka damu.

"Umekubali?"

Ngoma ikanyamaza. Sauti ikatoka polepole, kwa upole, kama ya mzee aliyeshiba.

"Nguo nimekubali. Pete nimekubali. Mwanamke mchukueni. Huyu aliye tumboni nimempenda. Nitakaa naye."

Mama Zeituni aliyatambua maneno matatu tu: nguo, pete, na kukubali. Akapiga kigelegele mpaka kikamkata pumzi. "Amekubali! Mungu mkubwa, amekubali!"

Shuka likafunuliwa. Golnar akafumbua macho, akawatazama wote, akasema, "Nina njaa." Nariman akalia kwa sauti bila kuona haya. Alikifuta chumba kile kwenye kisanduku mbele ya bibi, akakifuta na kwenye kompyuta.

"Bibi," akauliza, "yale maneno ya mwisho yalikuwa nini?"

"Alikuwa anaaga, mwanangu. Mgeni mwema huaga."

Golnar alikula wali na samaki sahani mbili. Kisha akauchukua mkono wa mumewe, akauweka tumboni. "Ametulia," akasema. "Leo hata teke hapigi. Amechoka, masikini."

Nariman akainama, akaliweka shavu lake juu ya tumbo lile, akanong'ona kwa Kifarsi:

"Usiogope, baba. Ameshakwenda. Tumebaki watatu tu."