Bilauri ya Kwanza

Hilux ya kijivu ilikuwa bado nyuma yake.

Komeo alikata kona ghafla, akajibanza kati ya maghala mawili, akazima injini. Hilux ikapita mbio. Dereva wake hakugeuza hata shingo.

Simu ikatetemeka. Ilikuwa Nokia ya zamani, ile isiyojua intaneti. Aliyepiga ni Mkuu wa Idara, aliyeitwa Shangazi na majasusi wake wote, ingawa hakuwa na undugu na yeyote kati yao.

"Komeo."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Yule mjumbe wa majasusi wa kigeni tuliyemkamata ametapika yote. Wana mtu wao ndani ya kituo chako cha maji. Silaha imo kwenye programu inayowashwa adhuhuri."

"Mtu gani?"

"Mjumbe mwenyewe hamfahamu. Anajua tu kwamba mji mzima utakunywa sumu."

"Niisimamishe?"

"Usithubutu. Mtu wao atashtuka, atayeyuka. Itegue, iache iwake. Kisha niletee mtu."

Simu ikakatika.

Kituoni walimjua Komeo kama mwandishi wa programu, basi. Shemeji yake, mume wa dada yake, ndiye aliyemfundisha kazi na kumtafutia nafasi pale, bila kujua kwamba kijana ana mwajiri mwingine. Wawili hao ndio walioandika draiva mpya, kile kipande cha programu kinachouwezesha mfumo endeshi kuzungumza na mashine. Draiva yao iliiongoza pampu ya dawa ya kusafisha maji. Dawa yenyewe haina rangi wala harufu. Ikiwa kidogo inaokoa. Ikizidi inaua.

Chumba cha kompyuta kilikuwa kitupu. Komeo alifungua kompyuta yake ya ThinkPad, bastola ya Glock ikimchoma kiunoni, akaipa kompaila kazi ya kugeuza maandishi yao kuwa lugha ya mashine.

Kompaila ikamaliza. Haikutoa onyo hata moja.

Hapo ndipo alipoingiwa na wasiwasi. Kompaila ni kama mama mkwe, haikosi la kusema. Ikinyamaza, mtu ameinyamazisha.

Akautafuta mstari ulioiziba mdomo. Akaufuta. Akarudia.

Maonyo yakamwagika kioo kizima, yote kuhusu kugawanya namba kamili. Mengi hayakuwa na madhara, akayarekebisha moja baada ya jingine. Kisha akafika kwenye mstari unaosoma kiasi cha dawa majini.

Kipimo kiligawanywa kwa elfu moja, ndipo kikazidishwa kwa mia.

Ndani ya mfumo endeshi hakuna desimali. Mia saba ukiigawanya kwa elfu moja, mashine inatupa kinachobaki na kukupa sifuri. Zidisha sifuri mpaka uchoke, ni sifuri. Pampu ingeona maji hayana dawa, ingeongeza. Ingeona sifuri tena, ingeongeza tena.

"Zidisha kwanza, shemeji. Gawanya mwisho." Somo la siku ya kwanza kabisa. Mwalimu wake alilisema huku akigonga meza.

Na faili hilo lilifunguka kwa alama za vidole viwili tu, chake na cha mwalimu huyo.

Iliuma. Komeo alikuwa amepigwa risasi mara moja maishani, na ile haikuuma hivi.

Akageuza mstari. Kuzidisha kukatangulia, katika namba yenye nafasi pana, matokeo yasije yakafurika, kugawanya kukafuata. Maonyo yakaisha kwa haki. Akapakia draiva kwenye mashine, akafunga kompyuta, akashuka.

Kituo kile kilikuwa na desturi yake. Draiva mpya ikiwashwa, walioiandika hunywa bilauri ya kwanza kutoka bomba la pale pale kwenye pampu, mbele ya wafanyakazi wote.

Shemeji alikuwa keshafika, begi begani, utani mdomoni.

"Shemeji, mbona umenuna? Mchumba amekukimbia?"

"Amekuona wewe akadhani ukoo mzima uko hivyo. Dada hajambo?"

"Hajambo. Jana nimewasafirisha yeye na watoto kwa bibi yao, wapumzike."

"Hakuniaga."

"Ilikuwa ghafla."

Msimamizi wa pampu, mama wa makamo mwenye ovaroli, akabonyeza swichi. Pampu ikanguruma. Taa ya kijani ikawaka, kama ambavyo ingewaka hata mji ukifa.

Shemeji alikinga bilauri moja. Moja tu. Akampa Komeo, akitabasamu.

"Wewe tangulia. Mimi tumbo linanisumbua."

Komeo akaiweka kando, akakinga ya pili, akamtia Shemeji mkononi. "Siku zote tumekunywa pamoja."

"Daktari amenikataza."

"Amekukataza maji?"

Wafanyakazi wakacheka. Kisha wakamwona Shemeji akiiweka bilauri chini bila kuionja, na kicheko kikafa.

Komeo akamsogelea. "Nimezidisha kwanza," alisema polepole. "Nikagawanya mwisho."

Uso wa Shemeji ukaporomoka. Mkono ukaruka kwenye begi.

Glock ilikuwa imeshafika shavuni pake.

"Waliniahidi pasipoti," Shemeji alinong'ona. "Za familia nzima."

"Na mimi?"

Shemeji akatazama sakafu.

Komeo akamfunga pingu, akatoa redio.

"Shangazi. Mtu wako yuko tayari."

"Tumeinasa na ile Hilux yao iliyokufuata. Ni nani huyo?"

"Wa kwetu."

"Pole, mwanangu."

Komeo akainua bilauri aliyopewa, akainywa yote taratibu, akairudisha kwa msimamizi. Maji yalikuwa safi.

Nje, vijana wa Shangazi walipokuwa wakimpakia Shemeji garini, simu ya kibinafsi ya Komeo ikalia. Ujumbe ulitoka kwa dada yake.

"Kaka, tumefika salama. Shemeji yako amesema na wewe unatufuata leo. Tumekutandikia kitanda."

Komeo aliusoma mara mbili. Shemeji alikuwa amemwahidi dada mgeni ambaye yeye mwenyewe alishamkingia sumu. Akavaa miwani ya jua, akatia mikono mifukoni, akaenda zake kwa mguu, bila haraka.