Kahawa ya Kumfukuzia Mkwe

"Tilen, umewanyang'anya wanawake wa Travnik kahawa," Ajla alisema.

"Sijawanyang'anya. Nilisema tu mapumziko ni saa nne."

"Na mama yangu ulimwambia nini?"

Tilen alikohoa. "Kwamba akitaka kusema, anyooshe mkono kwanza."

Ajla alijishika kichwa. Mama Hasnija, mjane aliyerudi uzeeni kumalizia shule ya msingi, alikuwa ameingia darasani na birika lake la shaba kama kawaida. Tilen, mwalimu wa kutoka Slovenia, mtu ambaye hata chafya anaipangia ratiba, akalitoa birika nje. Mama akalifuata birika. Darasa zima likamfuata mama.

Mafunzo yenyewe ni ya nchi kadhaa za ukanda mmoja: walimu wa watu wazima wanapangwa wawili wawili, mmoja wa huku Travnik, mmoja wa nchi nyingine. Mkifuzu mmefuzu wote, mkianguka mmeanguka wote. Wakaguzi wanakuja kesho, na Tilen na mwenzake Ajla wana viti vitupu. Tena walikuwa wameshapatana: wakifuzu, Tilen apeleke posa. Kwa nani? Kwa mama huyohuyo.

Simu ya Tilen ikatoa mlio wa ujumbe. Ajla akawahi kuusoma, umetoka kwa mratibu wa mafunzo: "Bado unaweza kubadilisha mwenza. Yupo mmoja Zagreb, darasa lake limejaa. Nijibu leo."

"Nenda," Ajla alisema, macho dirishani. "Zagreb hakuna mama yangu."

Tilen akaandika palepale, akamwonyesha: "Mwenza ninaye." Kisha akavaa koti. "Twende kwa mama."

"Atakutafuna."

"Anitafune. Sikimbii."

Mama Hasnija alifungua mlango, akalipokea koti, salamu hakutoa. Tilen hajakaa vizuri, kikombe kikatua mbele yake, bila hata kipande cha halua. Na koti lake likarudishwa, likawekwa magotini pake.

Ajla alifumba macho. Kuna kahawa ya kumpokea mgeni, kuna ya maongezi, na kuna ya kumwambia kistaarabu ashike njia. Mama alikuwa ameanzia mwisho.

"Unaijua hii?" mama aliuliza.

"Naijua, mama. Ya kunifukuza." Tilen akainywa taratibu mpaka kwenye machicha. "Nimeimaliza. Siondoki."

"Una uso mkavu wewe."

"Nimekukosea mbele ya wenzako. Umelea, umezika mume, halafu mimi nakuambia unyooshe mkono. Nisamehe. Kesho birika litatangulia, somo litafuata."

"Wakaguzi wakinuna?"

"Watanuna na vikombe mkononi."

Mdomo wa mama ulicheza kidogo. "Na binti yangu? Unadhani sioni unavyomtazama, kama paka mbele ya jibini?"

Ajla alitamani sakafu immeze.

"Namtaka, mama. Hata kesho nikianguka, bado namtaka."

Mama aliondoa kikombe, akaenda kukiosha.

Asubuhi wakaguzi walikuta viti vitupu. Tilen alisimama mbele, Ajla pembeni yake. Wote wawili hawakusogea.

Ndipo mlango ukafunguka. Likaingia birika, nyuma yake mama, nyuma ya mama darasa zima. Wakamimina, wakaonja, wakasoma kwa sauti, wakabishana, wakacheka. Mkaguzi mmoja aliomba kikombe cha pili, akawaandikia wamefuzu akiwa bado anakunywa.

Mwisho mama akamwekea Tilen kikombe chake. Pembeni, vipande viwili vya halua.

Akarudi kitini, akanyoosha mkono juu kabisa.

"Sema, mama," Tilen alisema, masikio yamemwiva.

"Mwalimu, harusi iwe kabla ya theluji. Na ratiba napanga mimi."