Ubeti wa Mwisho wa Lombe

Jumapili, aliporudi kutoka misa, Syntiche aliikuta droo ya marehemu baba yake, mwanamuziki Lombe, wazi. Diski yenye onyesho lake la mwisho, lililorekodiwa hoteli ya Karavia, haikuwemo. Nakala nyingine haikuwapo. Mlango haukuvunjwa, na albamu ilikuwa itoke Jumamosi.

"Ni Sylvain," alisema Godefroid, kaka mkubwa wa marehemu, aliyelala nyumbani hapo Makomeno tangu mazishi. "Ule fundi wa sauti eko na clé, funguo ya mulango. Tuite polisi."

Syntiche akamwita Sylvain kwanza. Alifika jasho likimtoka.

"Dada, tangu asubuhi niko studio na Aimé. Uliza yeye. Niibe kazi yangu miye mwenyewe?"

Aimé, mpiga ngoma, akathibitisha kwa simu.

Syntiche akageuka. "Baba mukubwa, siku ya concert ulikuwa wapi?"

"Sakania. Sikusikia hata wimbo moya. Na bora disque ipotee! Kuimba eti mukono wenye ulimufundisha gitare njo wenye ulifungua maji ya sumu, ile ni heshima gani?"

Syntiche alijibu taratibu.

"Courant, umeme wote, ilikatika mbele aimbe ule ubeti. Baffle zote, zile spika kubwa, zilikufa, bantu banapiga kelele. Papa aliutunga palepale mu giza, na mashine ya Sylvain tu, yenye batri, njo iliukamata. Tuliusikia miye na Sylvain, basi. Weye uliusikia wapi?"

Godefroid aliingia chumba alicholala. Akaitoa diski kwenye sanduku lake, chini ya nguo.

"Kule kwa kiwanda kwenye nilitumika, mukubwa wa kazi alisema nifungue lango la maji, nikafungua. Mashamba ya bantu yakakufa. Lombe aliniambia ataimba ile mambo. Nilitaka kusikia kama alitaja jina."

"Hakutaja. Miye bakiniuliza, nitataja."

"Syntiche, weye ni mutoto wangu. Kata ule ubeti moya tu."

"Benye mashamba nabo beko na batoto, Baba mukubwa."

Syntiche akaichukua diski, akampa Sylvain.

"Tunakata fasi gani?" Sylvain aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hatukati. Hata kelele za bantu mu giza, uziache."