Mtaro Mbele ya Mlango

Kila asubuhi, hata kabla chai haijachemka, simu ya fundi cherehani huanza kulia. Si wateja. Ni majirani zake wa jengo la ghorofa, wanapiga soga kwenye kundi lao la simu.

Humo huongelewa kila kitu. Chumba gani kiko wazi. Mwenye nyumba gani ni mkali. Nani atagombea udiwani, na huyu aliyepo amefanya nini. Anayeongoza kwa maneno ni dereva wa lori wa ghorofa ya pili. Majirani wamempa jina la Bunge. Ukitaka kumjua Bunge, sifia kiongozi mmoja, kisha subiri.

Fundi hukaa ghorofa ya tatu na mume wake, watoto wao na mama mkwe wake. Yeye akishona, bibi huenda kuwapokea watoto shuleni. Wanapendana kweli. Wasiowajua hudhani ni mama na binti yake wa kumzaa.

Shida ilikuwa mtaro. Ulipita mbele ya mlango wa jengo, na mfuniko wake wa zege ulikuwa umevunjika. Ili ufike barabarani, lazima uruke. Vijana waliruka. Siku moja bibi naye alijaribu. Mguu ukateleza, akaanguka na kuteguka kifundo.

Mguu ulipona, lakini bibi aliogopa kutoka tena. Alikaa ndani akichungulia dirishani, na chakula alikigusa tu.

Jioni moja alimwambia mwanawe, "Nipeleke kwa kaka yako. Kule nyumba iko chini. Hapa nimekuwa mzigo."

"Mama, wewe si mzigo," fundi alisema.

"Basi ni mfungwa. Chagua wewe."

Mume akasema, "Mwisho wa mwezi nitakupeleka, mama."

Fundi aliinamia cherehani yake ili wasimwone akilia. Hakutaka kabisa mama huyu aondoke.

Usidhani alikuwa amekaa kimya. Alikuwa akiandika kundini tangu siku mfuniko ulipovunjika. Aliweka hata picha. Majirani walimjibu kwa vidole gumba. Bunge alimsema diwani kwa maneno makali mpaka fundi akamwonea diwani huruma. Wote waliamini ujumbe umefika, kwa sababu diwani alikuwa mwenzao humo. Alijiunga wakati wa kampeni, na siku zile aliwatakia asubuhi njema bila kuchoka.

Kesho yake mkunga wa zahanati, anayekaa chini kabisa, alileta gauni lipunguzwe. Alimkuta fundi macho mekundu.

"Kulikoni, mwenzangu?"

Fundi akamweleza yote.

"Na mlimwambia nani?"

"Tumesema kundini. Diwani yumo."

"Mara ya mwisho alijibu lini?"

Fundi hakukumbuka. Akachukua simu, akamtafuta diwani. Hayumo. Alikuwa ametoka zamani, mara tu baada ya kushinda uchaguzi. Mabishano yalikuwa mengi, hakuna aliyeona.

"Kumbe tumekuwa tukimpigia mbuzi gitaa," fundi akasema.

"Afadhali mbuzi angekuwepo."

Wakacheka, ingawa fundi alikuwa na hasira.

"Sikiliza," mkunga akasema. "Mimi nimo kwenye kamati ya afya. Kila mwezi kuna mkutano wa wakazi na diwani pale ofisi ya kata. Mkazi yeyote anaruhusiwa kuingia na kuuliza. Watu wa jengo hili hawaji, basi kule ofisini wanadhani hatuna shida."

"Mimi siwezi kusema mbele za watu."

"Hawataki hotuba. Sema shida ni nini, iko wapi, na imemuumiza nani. Usimtukane mtu. Ukimtukana atajibu tusi na kusahau mtaro. Kisha uliza nani atatengeneza, na lini. Omba jibu liandikwe. Na usiende peke yako, wasije wakasema ni shida ya mtu mmoja."

"Na kundi tulifunge?"

"Ya nini? Waitie watu humo. Ila kuandika humo si kupeleka shida."

Fundi akatangaza mkutano kundini. Vidole gumba vikamiminika. Siku ilipofika, alishuka hadi mlangoni akamkuta mkunga tu.

Basi akapanda ngazi tena, akabisha hodi mlango hadi mlango. Kumkatalia mtu kwenye simu ni rahisi. Akisimama mlangoni kwako, utaona haya. Watu wakatoka. Bunge naye akatoka akifunga vifungo vya shati.

Mkutanoni Bunge aliangalia viatu vyake. Fundi ndiye aliyesimama. Sauti ilimtetemeka, lakini alisema shida, mahali, na mama aliyeumia. Akauliza nani atatengeneza, na lini.

Diwani akasema hajawahi kusikia habari hiyo. Bunge akafungua mdomo. Mkunga akamkanyaga mguu, Bunge akaufunga mdomo. Diwani akamwita msimamizi wa mitaro. Akaahidi kazi hiyo kabla mwezi haujaisha, na ahadi ikaandikwa.

Siku zikapita, mafundi wa mitaro hawakuonekana. Fundi hakurudi kulalamika kundini. Aliwachukua majirani, wakaenda ofisini kuuliza. Haikuchukua muda, mafundi wakaja na mfuniko mpya.

Asubuhi moja baadaye, fundi alimwona bibi akifungua mlango, fimbo mkononi.

"Mama, subiri nikushike mkono."

"Shika sindano yako."

Fundi akakimbilia dirishani. Bibi alifika mtaroni, akaugonga mfuniko kwa fimbo, kama mtu anayebisha hodi. Akavuka. Hakugeuka nyuma. Fundi akajifuta machozi akicheka.

Usiku ule mume wake aliuliza, "Mama, sasa nimwambie nini kaka?"

"Mwambie nitakuja kumtembelea," bibi akasema. "Kuhama, sina nafasi."